Siku Shilingi Zitatoshana

Soweto East, Kibera
Ijumaa, 4 Januari 2008

Wangoi wangu,

Niaje? Mko salama huko Kawangware? Hamjaguswa? Sitaanza na "dhumuni la barua hii" vile tulifundishwa shule, maana nikianza hivyo nitapasuka kabla sijafika kwa jambo lenyewe. Inaanguka! Wangoi, shilingi yetu inaanguka!

Wacha nivute pumzi. Leo ndio duka la kubadilisha pesa limefunguliwa mara ya kwanza tangu kura. Nimeenda tao, katikati ya jiji, kwa miguu, barabara tupu, polisi kila kona, moyo mkononi. Mdosi mwenye duka akanipa namba za leo nizipange kwa ubao, ile kazi yangu unapenda kuicheka. Dola juu, pauni juu. Nikafika kwa Uganda. Kabla ya Krismasi shilingi moja yetu ilikuwa inanunua ishirini na saba zao. Leo ni ishirini na sita! Nilishika hiyo sita mkononi nikaibusu, mdosi akaniuliza kama ni njaa.

Si unakumbuka neno la babako Boxing Day? Mimi nalikumbuka na mguu wa kuku bado uko mkononi mwangu. "Kijana wa Kibera," alisema, "wewe na binti yangu mtatoshana siku shilingi ya Kenya na shilingi ya Uganda zitatoshana." Meza nzima ikacheka. Yule Kiragu wa duka la hadiweya, anayekutaka, alicheka mpaka akatokwa na machozi. Halafu babako akachukua simu yako akaitia mfukoni, na kesho yake watu wakapiga kura, na hayo mengine unayajua.

Sasa sikia. Mzee hakusema "kamwe". Alisema siku zitatoshana, moja kwa moja. Na kama zimeanza kukaribiana kwa wiki moja tu, si zinakuja? Ishirini na saba, ishirini na sita, polepole hivyo hivyo mpaka moja! Nimepiga hesabu, tunaoana kabla ya mvua ya Novemba. Anza kuangalia kitambaa cha nguo.

Barua hii inakuja na Seline, yule jirani wa mtaa wa Olympic anayefanya kazi kwa zahanati hapo kwenu. Sare yake nyeupe inapita kila pahali, hata kwa wale vijana wa mawe. Mpe jibu haraka. Kredi ya simu imekuwa dhahabu, na hata ningeipata, ningempigia nani, babako?

Mimi wako anayeshangilia ubao,
Timothy Makau


Kawangware
Jumatano, 9 Januari 2008

Timo,

Nimeisoma barua yako chooni, maana hapo ndipo pahali pekee Baba haniulizi ninafanya nini. Nimecheka, halafu nikashika kichwa.

Wewe mwanamume, uko timamu? Unga umepanda, mkate hakuna, watu wanalala kanisani na watoto, na wewe unabusu namba! Unajua shilingi inaanguka kwa nini? Inaanguka kwa sababu nchi inaungua. Sasa unataka iungue mpaka Novemba ndio unioe? Nikiulizwa na watoto wetu niliolewa vipi, niwaambie baba yenu aliomba Kenya iishe?

Na bado, Mungu anisamehe, jana usiku redio iliposoma bei ya dola nilijikuta nimesimama katikati ya jikoni na mwiko mkononi. Umeniambukiza wazimu.

Hata Baba anasikiliza. Kila siku baada ya habari anasema "shhh" na kila mtu ananyamaza mpaka wafike Uganda. Hajakanyaga huko miaka ishirini na hana hata senti yao. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia chota mboga.

Usimchukie, tafadhali. Juzi kuna vijana walikuja langoni wakitaka kujua wapangaji wake ni watu wa wapi. Alitoka na kofia yake na ile fimbo. Akawaambia, "Hawa ni watu wa ploti yangu." Wakauliza tena. Akawajibu vilevile, na akaongeza kwamba baba zao anawajua kwa majina. Waliondoka. Aliporudi ndani akajaribu kunywa chai, akaimwaga yote. Huyo ndiye mtu anayesema hutoshi, kwa sababu wewe ni Mkamba, unalipa kodi Kibera na huna hata kipande cha shamba. Nampenda na ananikasirisha, yote pamoja.

Kiragu naye anakuja kila jioni "kutujulia hali". Yule mtu anauza misumari kwa kuihesabu mmoja mmoja, na chai yetu anakunywa bila kuhesabu.

Jichunge, Timo. Usitembee usiku.

Wangoi


Makina, Kibera
Ijumaa, 18 Januari 2008

Wangoi mpenzi,

ISHIRINI NA TANO!

Nimeandika kwa herufi kubwa ili hata babako akiiona kutoka mbali aelewe. Mdosi anasema hajaona kitu kama hiki tangu afungue duka. Malori ya mafuta yamekwama barabarani, Kampala wanapanga foleni kwa petroli na bado pesa yao inasimama wima mbele ya yetu. Uganda imetushika shati!

Usiniambie nashangilia moto. Sikuwasha mimi. Mtu akiwa ndani ya mvua na ana nyanya zake shambani, si anaruhusiwa kufurahi kidogo? Mimi shamba langu ni ubao ule, na wewe ndiwe mavuno. Haya, cheka, najua nimezidisha.

Kuhusu Mzee, umenifanya nimpende kwa nguvu. Mwambie, hapana, usimwambie kitu. Lakini hilo jibu la langoni nimemsimulia kila mtu hapa na watu wanapiga makofi.

Nimeandika Makina hapo juu kwa sababu niko kwa rafiki yangu fundi wa viatu kwa siku chache. Hewa ya huku ni nzuri na msikiti uko karibu, naamka mapema bila saa. Ni hivyo tu. Usitume kitu Soweto.

Nikuulize jambo muhimu: tukifika ishirini, nimjulishe Mzee, ama ningoje kumi?

Wako anayekaribia,
Timothy


Kawangware
Jumanne, 22 Januari 2008

Timothy,

Hewa ya huku ni nzuri! Ati hewa!

Seline ameniambia. Hakutaka, nilimbana jikoni mpaka akalia. Keja yako imeungua, laini yote ile ya nyumba, na umetoka na suruali uliyovaa na redio yako tu. Wiki nzima unalala chini kwa duka la viatu, halafu unaniandikia herufi kubwa za Uganda? Mimi ni nani kwako, msikilizaji wa redio?

Nilikasirika mpaka nikataka kuja kwa miguu nikupige. Nilifika stendi. Nikaona moshi upande wa kwenu nikasimama hapo nalia mbele ya watu wa viazi. Timo, ungekufa ningejua kutoka kwa nani?

Sitaki kujua ni nani alianzisha moto, na najua hutaniambia. Nataka tu usinifiche tena. Furaha yako naipenda, ndiyo ilinifanya nikupende, lakini usiitumie kunifunika macho.

Sasa na mimi nisikufiche. Watu wa Kiragu wameongea na Baba. Amewaambia mambo yakitulia, wakuu wakikubaliana na barabara zikifunguka, waje waseme walicho nacho. Baba yake Kiragu na Baba walikuwa darasa moja, hawezi kumwambia hapana usoni. Kwa hivyo sikia vile dunia imenipangia: vita vikiendelea, unaweza kuungua. Vita vikiisha, Kiragu anakuja na mbuzi.

Niambie nimuombe Mungu nini.

Nimekutumia blanketi na shati mbili za kaka yangu. Zivae, usiziuze.

Wangoi


Makina, Kibera
Jumatano, 30 Januari 2008

Wangoi,

Nisamehe. Niliogopa ukijua nimeungua utaanza kunihurumia, na mtu akihurumiwa sana huanza kuonekana mdogo. Babako tayari ananiona mdogo. Sikutaka muwe wawili. Shati zinanitosha, mikono tu ndiyo mifupi.

Leo ni ishirini na nne kasoro. Ndiyo chini kabisa tumewahi kuwa tangu nianze kazi hii. Nilipanga namba, nikarudi nyuma, nikaitazama, nikasema moyoni, njoo, njoo, njoo.

Halafu akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni. Ametoka Rift Valley kwa lori, amelala kwa uwanja wa maonyesho, na sasa anaenda Tororo kwa dadake kwa sababu hapa hana tena kwao. Pesa zake zote alikuwa amezifunga kwa leso. Akatazama ubao. Akaniita.

"Kijana, si kabla ya Krismasi hii ilikuwa ishirini na saba?"

"Ilikuwa, mathe."

"Na ni nani ameishusha?"

Wangoi, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Huyo mama anahama nchi na njiani tumemkata tena, na namba iliyomkata nimeipanga kwa mkono wangu huku nikiisihi ishuke zaidi. Alichukua pesa zake za Uganda, akazihesabu, akazihesabu tena, akaniambia asante. Asante! Nilitamani anitukane.

Nilipofunga duka nilienda uani nikalia. Ni hivyo, nimekuambia, sikufichi tena.

Kwa hivyo umeniuliza umuombe Mungu nini. Omba amani. Mimi pia nimeanza. Naomba shilingi ipande, ipande hata ifike thelathini, na Kiragu aje na mbuzi wake wote. Sipendi kuyasema haya hata kidogo, lakini nikisema lile lingine siwezi kulala.

Nakupenda. Hiyo haina reti ya ubaoni.

Timothy


Kawangware
Ijumaa, 8 Februari 2008

Kwa Timothy Makau.

Mimi ni Ephantus Muiruri, baba yake Wangoi. Najua kuhusu barua. Yule dada wa zahanati hajui kudanganya. Nilimuuliza anakuja hapa kwangu kumtibu nani kila wiki, akasema ng'ombe. Mimi sina ng'ombe Kawangware.

Sikuzisoma. Barua ya mtu ni ya mtu. Lakini Wangoi, baada ya kulia na kunigombeza kwa sauti ambayo sikujua anayo, alinisomea moja tu, ile ya mama wa Tororo. Ndiyo sababu naandika.

Wewe unafikiri nilitoa neno lile la Uganda kwa mzaha. Nilipokuwa kijana, shilingi yetu na yao zilikuwa kitu kimoja. Nilitoka hapa na pesa mfukoni, nikanunua chai Kampala kwa pesa hizo hizo, hakuna aliyeniuliza ni za wapi. Baadaye zikatengana. Ofisini waliendelea kusema ziko sawa, lakini sisi tuliokuwa tunavusha sabuni Busia tulijua ukweli wa kichochoroni. Nilifanya biashara hiyo miaka mingi. Niliuza sabuni na blanketi, nikalipwa pesa yao, nikaiweka. Nilikuwa na gunia. Nilisema siku moja zitatoshana tena na mimi nitakuwa tajiri.

Mwaka wa themanini na saba redio ikasema pesa mpya, sufuri mbili zinakatwa, na juu ya hapo serikali inachukua fungu lake. Niliingia na gunia nikatoka na kifurushi cha kubeba kwapani. Mama yake Wangoi alikuwa mjamzito. Tangu siku hiyo, nikitaka kusema "kamwe", nasema Uganda.

Kwa hivyo usidhani nilikuachia mlango. Nilikuwa naufunga. Wewe peke yako katika Kenya hii ndiye uliyesikia tumaini. Nilikuona mjinga. Baada ya barua ya yule mama, nimebaki nikifikiria tu.

Neno langu ni neno, na sijalibadilisha. Hata hivyo, pole kwa nyumba yako.

E. Muiruri

Ukijibu, niambie pia leo iko ngapi. Redio ya hapa imeharibika.


Makina, Kibera
Ijumaa, 29 Februari 2008

Mzee Muiruri,

Nakusalimia kwa heshima, lakini unisamehe, mkono unaruka wenyewe!

Wakuu wametia sahihi! Jana jioni tulikuwa kwa duka la viatu, watu ishirini kwa redio moja, na waliposema wamekubaliana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuamini. Halafu mama wa samaki akapiga kigelegele. Mzee, Makina yote ilitoka nje! Nimekumbatiwa na mtu ambaye mwezi uliopita alinifukuza na panga. Naye alinitambua, akaniomba msamaha, nikamwambia tucheze kwanza. Tulicheza mpaka kiatu kikakatika.

Leo nimeenda kazini kwa kiatu kimoja na ndala moja. Hujaniuliza bure: tulikuwa ishirini na nne, leo tumeruka, ni ishirini na tano na inaendelea kupanda. Mdosi anasema itarudi ilipokuwa. Nilipanga hiyo tano, nikapiga makofi peke yangu dukani, na makofi yalipoisha ndipo nikakumbuka ni nini nilikuwa napigia makofi.

Nimeshindwa, Mzee. Hazitatoshana. Zinaachana tena na mimi ndiye wa kwanza kushangilia. Namtaka binti yako kuliko kitu chochote chini ya jua, na sitakudanganya kwamba nimekubali kumkosa, sijakubali hata kidogo. Lakini nimegundua siwezi kumtaka kwa bei ile.

Asante kwa kuniandikia. Asante kwa lile jibu la langoni. Kama redio yako bado ni mbovu, nitakuwa natuma namba na Seline, bila maneno mengine.

Mtoto wako, ukiruhusu,
Timothy Makau


Kawangware
Jumatano, 5 Machi 2008

Timo!

Redio haijaharibika! Haijawahi kuharibika! Niliisikia asubuhi ikiimba chini ya kitanda chake.

Barua yako ameisoma kwa sauti mezani, akafika pale pa ndala moja, akavua miwani. Halafu akasema, "Mwambie alete wazee wake Jumamosi ya tarehe kumi na tano." Nilipiga mayowe mpaka wapangaji wakatoka nje wakidhani ni vita vimerudi.

Lakini ngoja. Watu wa Kiragu nao wameitwa siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kiwanja hicho hicho. Nimemuuliza Baba anataka kufanya nini, akaniambia chota mboga. Nikamuuliza kama amebadilisha neno lake. Akasema yeye hana tabia hiyo.

Sielewi kitu na siwezi kulala. Njoo umenyoa. Njoo na viatu viwili.

Wangoi wako


Makina, Kibera
Jumapili, 16 Machi 2008

Wangoi,

Ulikuwa jikoni na akina mama, kwa hivyo wacha nikuambie vile ilivyokwenda, halafu nikae kimya labda mwaka mzima.

Anko Kilonzo alitoka Kitui na basi la usiku, na mbuzi, na koti la kukodi. Tukapangwa upande mmoja wa kiwanja, watu wa Kiragu upande ule mwingine, na katikati majirani wote wa Kawangware, hata wale hawakualikwa. Babako akasimama. Akasema yeye ni mtu wa haki, ruracio, yaani mahari ya binti yake, ni moja kwa kila anayekuja, awe mtoto wa rafiki au mgeni. Nikafurahi. Nikamwambia anko, sikia, anatupa nafasi sawa.

Ndipo akasema, kwa sauti ya chifu, "Shilingi laki tatu."

Watu wakasema "yuuuu". Akarudia. "Nasema shilingi laki tatu, na siuzi kwa kupunguza."

Anko Kilonzo alinishika mkono kama mtu anayezama. Laki tatu! Ukoo wetu wote ukiuzwa pamoja na koti la kukodi haufiki hapo. Hata Kiragu aliacha kucheka, nilimwona, akaanza kunong'onezana na mjomba wake. Babako akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, Wangoi, nyusi juu, na akauliza, "Kuna mwenye swali?"

Swali gani? Niulize nini? Tuliinuka tukaenda. Nilisikia ukiita jina langu na sikugeuka, kwa sababu nilikuwa nalia na anko alikuwa analia na mbuzi naye alikuwa anapiga kelele.

Nimeelewa. Hakutaka kunikataa kwa mdomo, akanikataa kwa bei. Angeniacha tu na ile Uganda yake. Hiyo angalau ilikuwa inanichekesha.

Usinijibu. Ama jibu. Sijui.

Timothy


Kawangware
Jumatatu, 17 Machi 2008

Timothy,

Mbona mlitoka bila kula? Mukimo ulibaki sufuria nzima.

Wewe unapanga namba za nchi mbili kila asubuhi. Miezi miwili umekuwa ukimhesabia binti yangu Uganda mpaka anaiota. Nikasimama mbele ya watu nikasema "shilingi". Nikarudia. Nikakutazama mpaka shingo ikauma. Nikauliza kama kuna mwenye swali. Swali lilikuwa moja tu, kijana, na mtoto wa darasa la pili angeliuliza: shilingi za wapi?

Za Uganda, mjinga wewe! Za Uganda! Piga hesabu sasa, laki tatu zao ni kama elfu kumi na mbili zetu, uone kama ukoo wenu hautoshi. Yule mbuzi anko wako alikuja naye peke yake analipa karibu robo.

Kiragu naye angeweza kuuliza, nilimpa nafasi sawa kama nilivyosema. Hakuuliza. Usiku huo huo mjomba wake alikuja kuniambia kwa huzuni kwamba biashara ya hadiweya ni mbaya mwaka huu na kijana bado anajipanga. Nikampa pole. Urafiki wangu na baba yake uko salama, na sikumwambia mtu hapana. Kawangware yote inajua binti ya Muiruri ni wa laki tatu, na wewe utaniacha nife na sifa hiyo. Ukimwambia jirani yangu hata mmoja, tutaanza upya.

Kuhusu neno langu. Nilisema mtatoshana siku shilingi ya Kenya na ya Uganda zitatoshana, na sijarudi nyuma. Nilisema "shilingi" katikati ya kiwanja changu. Mimi nilitamka ya kwao, na watu wote wale walisikia ya kwetu, na hakuna hata mmoja aliyeona tofauti. Kwa muda huo mdogo zilikuwa moja tena. Nimengoja kuona hivyo tangu ujana, na nilikuona wewe ukilia badala ya kuangalia.

Njoo leo. Usingoje Jumamosi, usingoje kunyoa. Wangoi anajua sasa, amecheka, amenipiga na mwiko, na tangu asubuhi amesimama langoni na viatu vyake vya Jumapili.

Baba yako,
Ephantus Muiruri